Ndege ya Nanyuki na mwaka niliousahau

Najua nimepotea, lakini sikuwa nimelala. Hapa Fort Ternan jioni ni tulivu, na nikishamaliza kazi inayonilipa, hukaa nikipaka ndege rangi. Ndege zenyewe ni za kwenye kompyuta, kwa hiyo msiniulize uwanja uko wapi.

Natumia FlightGear, programu huria ya kuigiza urushaji wa ndege. Ndani yake umbo la ndege ni kitu kimoja na rangi ni kitu kingine. Rangi ni picha tu, inavishwa juu ya umbo kama shati. Badilisha picha, na ndege ya Marekani inakuwa ya Kenya. Mimi nilichagua F-5, ndege ya kivita ambayo Kenya ilianza kuipokea mwaka 1978, na kituo chake kikawa Nanyuki.

Nikachora duara lenye rangi za bendera yetu. Ubavuni nikaandika KENYA AIR FORCE. Tarehe ya safari nikaweka Agosti 1985, mwaka niliozaliwa. Nikaruka kutoka Nanyuki kuelekea Kisumu, kama kilomita 250 hivi, njia inayopita karibu kabisa na kwetu. Nilijiona rubani!

Siku hiyo jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu, alikuja nimsaidie kujaza fomu kwenye intaneti. Ujanani alikuwa fundi wa ndege Nanyuki. Nikamwonyesha kazi yangu nikitegemea sifa.

Akatazama kimya. Kisha akauliza, "Kijana, hiyo tarehe ni ya kweli?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hiyo ndege ni ya uongo."

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali ya Rais Moi. Hapo Nanyuki marubani walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kurusha F-5 zenye mabomu kuelekea Nairobi. Wao wakayaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya. Jaribio likashindwa, na Jeshi la Anga likavunjwa lote. Kilichoundwa mahali pake kiliitwa '82 Air Force, kikawekwa chini ya jeshi la nchi kavu. Jina la Kenya Air Force lilirudi mwaka 1994.

Kwa hiyo mwaka 1985 jina nililoandika halikuwepo.

Nikajitetea, "Ni mchezo tu, mzee."

"Miaka 12 hatukuwa na jina hilo," akasema. "Mjukuu wangu hucheza hapa kwako kila Jumamosi. Unadhani atakwenda kusoma kitabu? Ataamini alichokiona kwa kioo."

Nilikosa jibu. Alipoondoka nikafungua rangi zangu nyingine, na aibu ikaongezeka. Harvard ya Waingereza niliyoiweka mwaka 1953 ilikuwa na alama ya duara yenye ukingo wa manjano. Ukingo huo ni wa Vita Kuu ya Pili. RAF waliuacha mwaka 1947. Harvard zilizopiga mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa Mau Mau zilikuwa na nyekundu, nyeupe na bluu, basi. Mtu aliyelala chini ya miti ile akiziangalia angeligundua kosa langu mara moja.

Sisi watengenezaji wa programu tunajua kosa la aina hii. Nilikuwa nimefunga rangi kwenye ndege, kumbe rangi ni ya ndege na ya tarehe.

Dawa yake haikuwa ngumu. Kila rangi sasa ina faili dogo la XML lenye mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Nikaandika hati fupi kwa Nasal, lugha ya ndani ya FlightGear, inayosoma tarehe ya safari na kulinganisha. Tarehe ikiwa nje ya mipaka, rangi inakataa kuvishwa na sababu inatokea kwenye kioo.

Wiki iliyofuata mzee alirudi. Nikaweka 1985. Ndege ikabaki kijivu bila jina, na maandishi yakatokea: "Kati ya Agosti 1982 na 1994 jeshi hili halikuitwa Kenya Air Force." Akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Sasa weka 1979," akasema.

Nikaweka, jina likatokea, nikampa kipanya. Hakutaka kuruka. Aliizunguka ndege polepole pale uwanjani Nanyuki, akainama karibu na kioo kutazama tumbo lake na magurudumu, mahali alipokuwa akifanyia kazi.

Wenye rangi za ndege zetu kwenye mashine zao, hebu zikagueni tarehe. Niishie hapo, stima inacheza na betri imebaki kidogo. Tutaonana.