Shilingi Mia ya Shati

Nilinunua mabelo 60 ya mitumba nikayafungia stoo. Hakuna aliyenishauri. Hakuna aliyenidanganya. Akili zangu zilikuwa timamu, hesabu za darasa la saba nazijua, na biashara yenyewe nilikuwa nimeifanya miaka 11 pale Karume, Ilala. Hasara niliyoipata niliifuata kwa miguu yangu, tena kwa pesa ya kukopa.

Mambo yalianza Machi 2016. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana kwamba nguo na viatu vya mitumba vipunguzwe hatua kwa hatua, mpaka ndani ya miaka mitatu viwe vimekwisha, ili viwanda vyetu vya nguo navyo vipumue. Habari ilipofika sokoni ilikuwa imeshapungua uzito njiani. "Hatua kwa hatua" ilidondokea huko Chalinze. "Miaka mitatu" ikawa "mwakani". Kilichoshuka kwenye daladala pale Karume kilikuwa maneno mawili tu: mitumba marufuku.

Juni ikaja bajeti, na ndani yake ushuru wa mitumba. Kabla ya hapo tulikuwa tunatozwa asilimia 35 ya thamani ya mzigo au senti 20 za dola kwa kilo, ile itakayokuwa kubwa. Sasa zile senti 20 zikawa 40. Mara mbili! Ndivyo tulivyosemezana vibandani, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Mtu akisikia "mara mbili" haulizi mara mbili ya nini.

Nilikuwa na milioni 9. Nikakopa milioni 12 kwa riba ya asilimia 3 kila mwezi, nikaweka rehani hati ya kiwanja chetu cha Chanika. Mke wangu, ambaye kiwanja hicho alikichangia kwa pesa ya maandazi, aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, na hayo sitini yakiisha?" Nilimjibu kwamba mambo ya kodi ni mapana, hawezi kuyaelewa. Nayaandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Mimi mwenyewe sikuwa nayaelewa.

Kwa bosi wa jumla nilikuta foleni. Belo la mashati la kilo 45, ambalo mwezi uliopita nilikuwa nalichukua kwa shilingi 320,000, lilikuwa limefika 370,000. Tulikuwa tunalikimbia ongezeko la ushuru kwa kulipa ongezeko lililoletwa na mbio zetu wenyewe, na hakuna kati yetu aliyesimama kucheka. Mashati yakaisha. Suruali zikaisha. Bosi, mtu mwenye heshima zake, akaniambia yamebaki majaketi na masweta, na kwa kuwa mimi ni mteja wa siku nyingi angenipunguzia. Nikachukua 20. Majaketi yenye manyoya shingoni, yaliyoshonwa kwa ajili ya watoto wanaocheza kwenye theluji, nikayapakia kwenye mkokoteni mchana wa jua la Dar es Salaam.

Stoo ilikuwa chumba cha uani Buguruni, shilingi 80,000 kwa mwezi. Niliyapanga mabelo mpaka yakagusa dari. Sikutandika hata ubao chini.

Mpango wangu ulikuwa huu: marufuku ikikaribia, mitumba itaadimika, bei itapaa, na mimi nitafungua mlango taratibu kama mtu anayefungua benki yake. Wakati nasubiri siku hiyo, mtaji wote ulikuwa umelala Buguruni, kwa hiyo mzigo wa kuuza kila siku ikabidi niuchukue mali kauli, mabelo manne kwa mwezi pale nilipokuwa nimezoea kumaliza kumi. Wateja walizoea kizimba changu kuwa kitupu, nao wakazoea kwenda kwa mwingine.

Masikio yangu yote nilikuwa nimeyatega Arusha. Kumbe neno lilikuwa linapikwa Washington. Marekani ilikuwa na sheria yake ya AGOA, ya mwaka 2000, iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika, zikiwemo nguo zilizoshonwa huku, kuingia kwao bila ushuru. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wao wa nguo zilizotumika, SMART, kilipeleka malalamiko serikalini kwao kwamba sisi tunaziba mlango wa mitumba yao, na Juni mwaka huohuo wakatangaza kuzipitia upya nchi za huku zinazofaidika na sheria hiyo. Kenya, yenye viwanda vingi vya kushona nguo za kupeleka Marekani, ilikuwa imeshajitoa mapema. Februari 2018, kwenye mkutano wa Kampala, lugha ya wakuu wetu ilibadilika: viwanda vya nguo viimarishwe, lakini faida za AGOA zisihatarishwe. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilikaza, nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo wa ushuru Julai 2018.

Haya yote yaliandikwa magazetini. Yalisomwa redioni. Ningeweza kuyajua. Lakini mtu aliyekwisha kununua mabelo 60 husikiliza habari moja tu, ile inayomwambia kwamba alifanya vizuri.

Baada ya Kampala nilikwenda Buguruni na kisu. Aliyewahi kufungua belo zuri anajua: ukikata mikanda, mzigo unajitutumua kama unga uliopata hamira, sandarusi inapasuka, nguo zinakurukia. Nilikata mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Belo halikujitutumua. Lilikaa vilevile, umbo la tofali, likitoa harufu ya kisima kisichotumika. Nilichomoa shati la juu, lilikuwa zima. La chini yake lilikuwa na vidoa vyeusi kwenye kola, vidogo kama mbegu za ufuta. Nikazidi kuchimba. Kuanzia katikati kwenda chini mashati yalikuwa yameshikana, na nilipovuta mkono wa mojawapo ukabaki mkononi mwangu. Maji ya masika yalikuwa yamepanda kwenye sakafu mara mbili, na mimi nilikuwa nafika pale kila mwisho wa mwezi kulipa kodi, natazama mlango, naona kufuli liko, naondoka. Mabelo 12 yalikuwa hivyo.

Lakini hapo bado sikuwa nimelijua kosa. Nililaumu mvua. Nilimlaumu mwenye nyumba. Niliwalaumu Wamarekani kwa kuiokoa mitumba, jambo ambalo muuza mitumba hapaswi kulilalamikia.

Kosa nilionyeshwa na jirani yangu wa kizimba, mzee aliyeanza biashara hii tangu enzi za Mwinyi. Yeye miezi yote ile hakufunga stoo wala hakukopa. Alikuwa ananunua mabelo yake matano kila wiki mbili kama kawaida. Nilimuuliza, kwa sauti ya kumkejeli kidogo, kama ule ushuru haukumpata.

"Ulinipata," alisema. "Nikauweka kwenye shati."

Alichana kipande cha boksi, akachukua kalamu. Belo kilo 45. Senti 20 zilizoongezeka kwa kila kilo, hata ukizihesabu zote, ni dola 9. Kwa bei ya dola ya mwaka ule, pamoja na VAT, shilingi elfu 23 na ushei. Ndani ya belo la mashati mna mashati kama 200. Akagawanya, akaandika jibu, akalizungushia duara.

"Mia na kitu, mwanangu. Mia na kitu kwa shati. Mimi nikapandisha mia mbili, na hakuna mteja aliyeuliza."

Nilikitazama kile kipande cha boksi kwa muda mrefu. Hesabu yenyewe haikuchukua dakika tatu. Ningeweza kuifanya Juni 2016 nikiwa nimesimama kwenye foleni ya bosi. Dakika tatu sikuzitoa. Nilitoa miezi 20. Mabelo yote 60, kama ningeyanunua kidogo kidogo baada ya ushuru kupanda, nyongeza yake isingefika milioni 1 na laki 4. Ili nisiilipe hiyo, nililipa riba ya milioni 7 na laki 2, na pango la milioni 1 na laki 6. Sijagusa mashati yaliyooza.

Nilijitetea: na je, marufuku ingekuja kweli? Mzee hakubisha kwamba hofu ilikuwa na msingi. Rwanda ilipandisha mpaka dola mbili na nusu kwa kilo, na kwa belo la kilo 45 hiyo ni zaidi ya dola 112. Wenzetu wa kule waliumia kwelikweli. Ila aliniuliza nilikuwa nauza mabelo mangapi kwa mwezi. Kumi, nikasema. "Kwa hiyo ulijiwekea akiba ya miezi sita," alisema. "Mwezi wa saba ungeuza nini?"

Lilikuwa swali la mke wangu, neno kwa neno karibu. Tofauti ni kwamba yeye aliliuliza bure, kabla.

Yeye mzee, pale habari za Arusha zilipoanza, alimpeleka mwanawe kujifunza ushonaji na akanunua cherehani moja ya mtumba. Haikuwahi kuwa biashara kubwa. Lakini ndiyo ilikuwa jibu lake kwa mwezi wa saba, na iligharimu chini ya belo moja la majaketi yangu.

Majaketi yenyewe nilimuuzia mtu wa Makete, kule kwenye baridi, shilingi 120,000 kila belo, na alinishukuru sana, jambo lililoniuma zaidi. Kiwanja cha Chanika tulikiuza kumaliza deni. Kuna dada mmoja aliyekuwa akitembeza nguo Mnazi Mmoja, nilimshawishi naye afungie mabelo matatu. Hayo nilimlipa kidogo kidogo mpaka 2020. Mke wangu hajawahi kulirudia lile swali lake.

Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi. Usiku uleule mpwa wangu, anayeuza matunda, alinipigia simu. "Mjomba, matufaa yataadimika. Nichukue maboksi mangapi?"

Na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Jibu la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa mia. Nililimeza, nikamuuliza anauza mangapi kwa siku. Mawili, akasema. Nikamwambia basi achukue kumi, asubiri wiki. Alichukua 40. Siku chache baadaye zuio likaondolewa, na matufaa tuliyala nyumbani kwangu mpaka watoto wakaanza kuyaficha chini ya kochi.