Kasha la Kompyuta na Mtoto Aliyenyamaza



Mimi si fundi wa kompyuta. Mimi ni nesi, na Jumamosi mnaniona darasani nikifundisha ngeli. Lakini wazazi watatu wameniuliza kuhusu kompyuta ya mezani iliyoko nyumbani kwetu, maana watoto wao wanaitaka na bei zinatisha. Basi nitawaeleza tulivyofanya, pamoja na kosa langu. Kosa lenyewe linahusu shule yetu kuliko linavyohusu kompyuta.

Kompyuta hiyo tulipewa na shemeji yangu alipohama London. Ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ikizimika yenyewe. Jumapili moja ilizimika tukiongea na Bibi aliyeko Tanga, naye yuko katikati ya hadithi ya harusi yake. Nikafungua ubavu wa kasha. Vumbi limeganda kama pamba, feni ni moja tu kwa nyuma, na mbele ni plastiki tupu isiyo na hata tundu.

Kazini kwangu, mgonjwa akihema kwa shida tunaangalia kwanza njia ya hewa. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, mashine hujizima ili isiungue. Tulipangusa vumbi ikapata nafuu, kisha joto likarudi. Vifaa vya ndani vilikuwa vizima. Kasha ndilo lililokuwa likivinyima hewa. Nikaona hakuna haja ya kununua kompyuta mpya. Tutabadilisha kasha tu.

Nikapata kasha la mitumba kwa pauni 15, mtu anauza East Ham. Tulikwenda asubuhi nimetoka zamu ya usiku, macho yamenivimba. Mwanangu, mwenye miaka 14, alilizungusha lile kasha, akalitazama ndani, akaanza kuniambia jambo kwa Kiingereza. Nikamkata palepale mbele ya muuzaji: "Sema Kiswahili, au nyamaza."

Akanyamaza. Nikalipa, tukapanda basi.

Nyumbani tukatoa mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote. Haukuingia. Nikaugeuza huku na huku, haukuingia. Mwanangu akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo nilitaka kukwambia, Mama. Sikujua maneno."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu ndiye hakusikia, na guu likawa lake. Pauni 15 hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mtoto alijua, akataka kuniokoa, nami nikamfunga mdomo kwa lugha ileile ninayotaka aipende.

Nilimwomba radhi. Nikamwambia anieleze kwa maneno yoyote aliyonayo, na pale atakapokwama tutalitafuta neno pamoja. Akachukua futi yangu ya kushonea, akanifundisha. Mazabodi zina vipimo maalumu. Ile iitwayo ATX, ambayo Intel waliileta mwaka 1995, ina urefu wa milimita 305 na upana wa 244. Micro-ATX ni mraba wa milimita 244 kila upande. Mini-ITX ni ndogo zaidi, milimita 170 kwa 170. Yetu ni ATX, na kasha nililonunua ni la Micro-ATX. Ubao mdogo hukaa vizuri katika kasha kubwa, lakini mkubwa hauingii katika kasha dogo.

Safari ya pili tulipima kwanza: ubao, urefu wa kadi ya picha, na kimo cha kipoza prosesa, kwa sababu kikiwa kirefu ubavu wa kasha haufungi. Mwanangu alivutiwa na moja lenye kioo mbele na taa za rangi, pauni 85. Akalitazama kwa muda, kisha akasema mwenyewe, "Linapendeza, lakini litapumulia wapi?" Tukachukua jipya la pauni 48, lenye wavu mbele, chujio la vumbi linalotoka kwa kuoshwa, na feni tatu. Mbili za mbele huvuta hewa baridi, ya nyuma hutoa ya moto. Taa hazipozi kitu.

Kazi ilituchukua mchana mzima. Tulichomoa waya wa umeme ukutani, na kila mara tukagusa chuma cha kasha kabla ya kushika kifaa, kwa sababu umeme wa mwilini unaweza kuua saketi. Tukafunga vile vinguzo vidogo vya shaba pale tu penye matundu ya ubao. Kimoja kikikaa pasipo pake, kinagusa mgongo wa ubao na kuleta shoti. Skrubu tulizipanga kwenye visahani vya kahawa. Pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme, tuliihamisha kama ilivyo. Hiyo msiifungue kamwe hata ikiwa imechomolewa, maana ndani yake umeme hubaki.

Tukabonyeza kitufe. Kimya. Moyo ukanidunda. Mwanangu akachukua tochi, akafuata vijiwaya vya kitufe, akakuta nimevichomeka pini moja pembeni. Akavihamisha, feni zikazunguka. "Imezinduka," akasema. Neno hilo amelisikia kwangu, nikisimulia habari za wodini.

Jumapili iliyofuata Bibi alimaliza hadithi yake. Mwanangu alimweleza jinsi tulivyojenga kompyuta, kwa bisibisi, skrubu, waya, feni na vumbi. Alipokwama alichomeka neno la Kiingereza akaendelea mbele. Bibi alielewa yote, na mimi sikumsahihisha.

Wazazi wenzangu, nami ni mmoja wa wale wanaosema "Kiswahili tu ndani ya nyumba hii." Sijaiacha nia hiyo. Lakini sasa darasani kwangu kanuni ni nyingine: sema kwanza, neno tutalitafuta baadaye. Mtoto akinyamaza, Kiswahili hakijaongezeka hata kidogo.

Lile kasha la pauni 15 bado ninalo. Jumamosi ijayo nitalileta darasani, pamoja na kasha la zamani lenye vumbi lake. Watoto watalifungua, watapima, na watataja kila kitu wanachokishika. Anayeweza alete bisibisi ya nyota. Na mzazi mwenye ubao wa Micro-ATX anayetafuta kasha, aniambie. La bure lipo.