Feni Inaonekana, Waya Hauonekani

Ufundi wa umeme wa magari nilijifunza Gerezani, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hazikuwepo, na spea mpya ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Mzee aliyenipokea alinipa nyaya chakavu nizinyooshe na kuzipanga kwa unene, na kwa muda mrefu hakunipa kazi nyingine. Kazi hiyo ndiyo iliyonipa jicho. Hadi leo nikiushika waya gizani najua unaweza kubeba mzigo gani.

Gari la kazi wakati huo lilikuwa Land Rover 109. Feni yake ya kupoza rejeta ilizungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, umeme haukuhusika kabisa. Dinamo za Land Rover kongwe zilitoa ampea 22 tu, na altaneta zilizofuata zilipita 30 kidogo. Waliolitengeneza walipiga hesabu ya taa, waipa, honi na plagi, basi. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuja kunilisha, maana baadaye kila mtu alitaka kuongeza kitu ambacho haikukitaraji.

Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na enzi ya Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, milango ikafunguka zaidi. Magari yaliyotumika Japani yakaingia kwa wingi. Mengi injini zake zimelala kwa upana, mkanda hauwezi kuifikia feni iliyo nyuma ya rejeta, kwa hiyo kiwandani yalifungwa feni za umeme. Yalipopata ajali, feni hizo ziliishia kwenye vibanda vya Gerezani kwa bei ya mtu wa kawaida. Kisha jiji likajaa foleni. Feni ya mkanda hutegemea mwendo wa injini. Gari likisimama Ubungo kwenye jua la saa nane, injini inanguruma taratibu, na upepo nao unakuwa wa kubembeleza mtoto. Wenye magari makongwe wakaanza kunijia na feni mkononi: “Fundi, nifungie hii.”

Sikuifunga kabla ya kuuliza: linachemka wapi? Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea 109 yake akasema ikishafika barabara ya Chalinze sindano ya joto inashuka yenyewe. Hilo lilinitosha. Gari linalochemka likiwa limesimama limekosa upepo. Linalochemka likiwa mbioni lina tatizo la maji: rejeta imeziba, wotapampu imechoka, au gasketi ya silinda hedi imeungua. La pili ukilifungia feni umemuuzia mwenyewe kelele. Wateja wa namna hiyo niliwapeleka kwa fundi rejeta, na wengine walinikasirikia kwa kukataa pesa yao.

Kwa 109 ya mwalimu nilianza na hesabu. Taa kubwa mbili za wati 60 zinakula ampea 10. Feni ile ilikula 15 ikishazunguka, na inapoanza tu huvuta mara mbili au zaidi. Jumla imepita uwezo wa dinamo kabla hujagusa waipa. Nikamwambia, “Mwalimu, kwanza tutafute altaneta.” Alinung'unika, akakubali.

Waya mkuu niliutoa moja kwa moja kwenye betri, wa milimita nne za mraba, na fyuzi nikaiweka karibu na betri kadiri ilivyowezekana. Fyuzi inalinda waya, hailindi feni; ukiiweka mwisho wa waya, sehemu yote iliyo kabla yake haina mlinzi. Rilei ina miguu yenye namba: 30 unapokea umeme wa betri, 87 unaupeleka kwenye feni, 85 na 86 ni ya sumaku inayoivuta swichi ya ndani. Sumaku hiyo inakula chini ya nusu ampea, kwa hiyo nyaya zake nyembamba nilizipitisha kwenye swichi ya ufunguo na swichi ya joto bila hofu. Hasi ya feni niliifunga kwenye chuma nilichokikwangua rangi hadi king'ae. Feni nyingi nilizoletewa zikisemwa “mbovu” zilikuwa nzima. Kilichokufa ni hasi iliyofungwa juu ya rangi au kutu.

Kisha majaribio. Kwenye baadhi ya Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, na ukikosea nyaya feni inazunguka kinyumenyume. Kwa feni iliyo nyuma ya rejeta unashika karatasi mbele: ikinata, upepo unaingia, ikisukumwa, geuza nyaya. Mwisho unapima volti kwenye betri na kwenye feni ikiwa inazunguka. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea.

Ugomvi wa maisha yangu yote umekuwa kwenye bei. Feni mteja anaiona, anaishika, anailipia. Rilei, fyuzi na waya mnene anaviita mbwembwe za fundi. Gereji moja ilimkubalia mteja wa namna hiyo ikaunganisha feni kupitia swichi ya ufunguo ya zamani, waya wa taa ya dashibodi ukabeba mzigo wote. Gari lililetwa kwangu linavutwa kwa kamba, nyaya za nyuma ya dashibodi zimeyeyuka na kushikana. Kuzisuka upya kulimgharimu zaidi kuliko feni na rilei vikijumlishwa.

Sasa vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA wanakuja wakijua michoro kuliko mimi, na ninafurahi. Kwako mwenye gari kongwe nasema hivi: kabla hujalipa, mwambie fundi akuonyeshe fyuzi ilipo na hasi ilipofungwa. Akishindwa kukuonyesha vyote viwili, usiondoke na gari.