Steringi Hafi

Watoto wa Mkotokuyana tulikuwa na sheria moja ya sinema, nayo haikuandikwa popote: steringi hafi. Aweza kupigwa, kufungwa kamba, kutupwa mtoni, hata kuuliwa mwalimu wake. Lakini yeye mwenyewe hafi. Sheria hiyo tuliijua kabla wengi wetu hatujaona picha hata moja.

Yapata mwaka 1986 ndipo tuliposikia kuwa mjini Nachingwea kuna banda la video. Lilikuwa la miti na udongo, na ndani yake mlikuwa na televisheni moja ndogo iliyoendeshwa kwa jenereta. Kwetu hiyo televisheni yenyewe ilikuwa ajabu tosha, maana Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hata kimoja hadi mwaka 1994. Kiingilio kilikuwa taabu. Tuliokota korosho zilizosahauliwa chini ya mikorosho baada ya mavuno, tukaziuza, na fedha zilipohesabiwa zilimtosha mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa kaka yangu. Hatukumchagua kwa ukubwa wake, bali kwa kuwa alijua kusimulia. Tulimtuma kama wanakijiji wanavyomtuma mjumbe mkutanoni: aende, aone, arudi atueleze.

Alirudi usiku kwa baiskeli, amejaa vumbi, naye hakutaka hata kula. Picha aliyoiona ilikuwa ile ya mwaka 1972 iitwayo Fist of Fury, ambamo Bruce Lee ni kijana wa Shanghai anayerudi chuoni na kukuta mwalimu wake amekwisha kufa, kisha akagundua kuwa alilishwa sumu. Kimombo kilichoandikwa chini ya picha kaka hakukijua. Alisema kuwa askari mmoja aliyeketi karibu naye ndiye aliyemfasiria, na palipokosekana tafsiri alitumia macho. Nasi tulitumia masikio. Aliruka, akapiga kelele zile za paka aliyekanyagwa mkia, kuku wakaamka katika banda lao.

Baba hakuyapenda mambo hayo. Wiki chache kabla yake nilikuwa nimejirusha kutoka juu ya mkorosho nikitaka kupiga teke hewani, nikateguka mkono, na kazi ya shamba ikanipita msimu mzima. Isitoshe, yeye alisema Wachina anawajua. Na kweli aliwaona, kwa sababu Nachingwea ndipo palipokuwa na kambi kubwa ya wapiganaji wa Frelimo, na miongoni mwa waliowafundisha walikuwamo wakufunzi kutoka China. Ni kutoka Nachingwea hiyo hiyo ambako Samora Machel alianza safari yake ya kurudi Msumbiji mwezi Mei 1975. “Nimewaona kwa macho yangu,” Baba alikuwa akisema. “Ni watu wapole, wanatembea kwa miguu kama sisi. Hakuna hata mmoja aliyeruka.”

Usiku ule aliketi mlangoni akitengeneza mpini wa jembe, amegeuza uso pembeni ili ajulikane kuwa hasikilizi. Kaka akafika mahali ambapo steringi anataka kuingia katika bustani ya mji, naye anazuiliwa langoni. Panatundikwa ubao unaosema kuwa mbwa na Wachina hawaruhusiwi kuingia. (Maneno hasa ya ubao ule yanabishaniwa hadi leo, lakini kwamba Wachina walizuiliwa kuingia bustani ya Shanghai hadi mwaka 1928 halina ubishi.) Nikasikia kisu kimenyamaza juu ya mpini.

“Katika nchi yao wenyewe?” Baba akauliza.

“Ndiyo, Baba. Katika nchi yao.”

“Na huo ubao, aliufanyaje?”

Kaka akasimama, akauonyesha ubao ulivyorushwa juu, na teke lililoupasua vipande viwili ukiwa ungali hewani. Baba akacheka kicheko ambacho hatukukizoea. Enzi za ukoloni alikuwa amefanya vibarua sehemu nyingi za Kusini. Akasema tu, “Mbao za namna hiyo nazijua,” wala hakutuambia aliziona wapi. Mpini akauweka chini, akageuka kabisa, akasikiliza.

Mwisho wa picha steringi anatoka nje na kukuta askari wamempangia bunduki. Anakimbia kuwaelekea, anaruka. Hapo, alisema kaka, picha ikaganda, yule mtu yuko hewani.

“Wakampata?” akauliza Baba.

Kaka alikawia kidogo. Nilidhani anatafuta pumzi. “Hawakumpata,” alisema. “Aliwaruka wote, akaangukia upande wa pili, akaingia porini.”

Baba aliridhika. Tangu siku hiyo karate haikukatazwa tena nyumbani kwetu, mradi isichezwe mitini.

Miaka ya tisini nilihamia Dar es Salaam kutafuta kazi. Huko niliwakuta watu wazima ambao tangu miaka ya 1970 walizishangilia picha hizi katika majumba kama Empire, Avalon na Odeon, na bado waliweza kukutajia kila pigo. Mwandishi May Joseph, aliyekulia Tanzania, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1999 kwamba sinema ya kung fu ilipatana na siasa ya kujitegemea ya siku zile: mtu hana gari wala bastola, ana mwili wake na nidhamu yake. Mimi naliamini hilo kwa ushahidi wa ndoo. Katika The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, Gordon Liu anabeba maji huku amenyoosha mikono, visu vimefungwa kwenye mikono yake ili asiishushe. Nilipoiona nilicheka peke yangu. Kubeba maji kule kwetu kulikuwa adhabu ya kila siku. Kumbe kwingine ni darasa.

Pia nilikuta kuwa kazi ya kaka imekuwa kazi ya mjini. Derek Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu kwa kutia sauti yake ya Kiswahili juu ya picha za kigeni, na wengine wakamfuata. Watu walichagua kanda kwa kuangalia msimulizi ni nani. Hatukuwa washamba peke yetu.

Nikajifunza pia kuwa Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32. Basi yule tuliyemshangilia mwaka 1986 alikuwa marehemu kwa miaka 13, na Mkotokuyana hapakuwa na aliyejua. Hata tungeambiwa tungebisha.

Kisha usiku mmoja, katika chumba cha rafiki yangu, nikaiona Fist of Fury kwa macho yangu. Ubao ulivunjika kama alivyosema kaka. Yule mtu akakimbia, akaruka, picha ikaganda. Halafu bunduki zikalia. Hakuna upande wa pili, wala pori.

Hilo nililinyamazia miaka mingi. Baba alifariki bila kujua. Mwaka juzi nilikwenda nyumbani wakati wa korosho, nikamkuta kaka ameketi uani akichambua, nywele zimeanza mvi. Nilimwamkia, nikaketi tukachambua pamoja, na mwishowe nikamuuliza.

“Kaka, mwisho wa ile picha, bunduki hukuzisikia?”

“Nilizisikia. Banda zima lilinyamaza.”

“Mbona ulituambia alitoroka?”

Aliitupa korosho mbovu kando. “Baba alikuwa amekaa pale mlangoni,” alisema. “Hebu nisogezee hilo gunia.”