Kisanduku Kilichomeza Silabi

Juu ya meza yangu, chini ya dirisha linalotazama uani, pana kisanduku cha chuma cheusi, ukubwa wake kama vipande viwili vya sabuni ya mche vilivyolazwa pamoja. Mbele kina tundu la hedifoni, kirungu cha kuongezea na kupunguzia sauti, na taa ndogo ya kijani. Kazi zake ni mbili. Kwanza hupokea tarakimu kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB na kuzigeuza kuwa mawimbi ya umeme. Sehemu hiyo nitaiita kigeuzi. Pili huyatia nguvu mawimbi hayo mpaka yaweze kusukuma hedifoni zangu, ambazo ni za ohmu 300 na haziridhiki na umeme mchache utokao kwenye tundu la kompyuta. Sehemu hiyo ya pili ni amplifaya kama amplifaya nyingine zote, ila ni ndogo.

Kwa kazi hizo mbili tu, kisanduku hiki kilinisumbua miezi minane, kikanigombanisha na mwenye duka, kikaniondolea na usingizi.

Nilikinunua mwaka 2021 kwa sababu ya kanda. Tangu 1983 hadi 1991 nilikuwa nikifanya kazi Muscat, na barua zetu za nyumbani, kama za watu wengi wa pwani wenye jamaa Arabuni wakati ule, zilikuwa kaseti. Mama hakuwa mtu wa kalamu. Alikaa ukumbini na redio kaseti mbele yake, akasema yaliyomo moyoni, akageuza upande wa pili akaendelea, na msafiri akaja kuichukua. Mama alipofariki mwaka 2018 tulifungua kasha lake, na humo nikakuta kanda moja ambayo haikusafiri. Juu yake dada yangu alikuwa ameandika jina langu na mwaka, 1986.

Mwaka huo ndio aliofariki baba. Simu ya maandishi ilinifikia baada ya maziko, na mwajiri wangu hakunipa ruhusa. Nilikanyaga Tanga miezi kumi na minne baadaye. Mama hakunitajia jambo lile hata siku moja, nami sikuthubutu kuuliza.

Katika kanda hiyo, baada ya salamu na habari za mvua na za mbuzi aliyezaa pacha, mama anamtaja baba. Kisha ananyamaza. Halafu anasema, “...kulaumu, mwanangu.” Mwanzo wa neno haupo.

Msomaji anayeijua lugha yetu ameshaiona taabu yangu. Lugha nyingine huweka neno zima la kukanusha, mtu akikosa sehemu ya neno hilo anaweza kubahatisha sehemu iliyobaki. Sisi hukumu yote tumeitwika silabi moja ya mwanzo. Nakulaumu. Sikulaumu. Hata Nilikulaumu ingewezekana, ambayo ina msamaha ndani yake lakini msamaha uliochelewa. Nilirudia mahali pale mara ishirini, mara hamsini. Kila mara taa ya kijani iliniangalia, na silabi haikusikika.

Washukiwa walikuwa watatu: kanda, kisanduku, na masikio yangu mwenyewe. Masikio nisingeweza kuyatetea. Uzee huanza kula sauti nyembamba kabla ya nene, na herufi “s” ni miongoni mwa sauti nyembamba kuliko zote katika maneno yetu. Nguvu yake kubwa iko kwenye mitetemo elfu nne hadi elfu nane kwa sekunde, na hapo ndipo mzee hupungukiwa. Daktari wa masikio alinichorea mstari unaoshuka kama ngazi. Lakini nilimwita mjukuu wangu wa miaka tisa, nikamvisha hedifoni, naye akasema, “Babu, bibi kasema kulaumu.” Basi masikio hayakuwa na kosa peke yake. Na kisanduku kilikuwa na mambo yake, ambayo nilikuwa nimeyavumilia kwa muda mrefu.

Hitilafu ya kwanza ilikuwa mvumo. Hedifoni zilinguruma chini kwa chini kama nyuki walio mbali, hata pale nilipokuwa sichezi chochote. Aliyewahi kusimama chini ya transfoma ya mtaani anaijua sauti ile: ni umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, umejipenyeza mahali pasipo pake. Nilikipeleka kisanduku hadi Dar es Salaam kwa basi, nikamrudishia mwenye duka. Akakiwasha mbele yangu kikalia safi kabisa, akanitazama kwa ile huruma ambayo vijana huwawekea wazee wasiojua kuwasha simu. Tulirushiana maneno. Mimi ndiye niliyeanza, na nilikuwa mkosaji.

Dawa niliipata bila kuitafuta. Siku moja nilichomoa chaja ya kompyuta ili nichomeke pasi, mvumo ukakatika papo hapo. Kompyuta na kisanduku vyote vilikuwa vimechomekwa ukutani, na waya wa USB ulikuwa umeviunganisha kwa mara ya pili upande wa ethi, kwa hiyo pakapatikana duara, na ndani ya duara hilo umeme mdogo ukawa unazunguka na kuimba. Kompyuta ikiwa kwenye betri duara halipo. Yule wa dukani alikuwa akitumia kompyuta isiyo na chaja, naye wala hakujua kwamba hilo ndilo lililomshindia.

Hitilafu ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa haikuwa na adabu ya kudumu. Sauti ilikatika. Taa ilizima, ndani pakalia “tap”, na baada ya sekunde tatu kila kitu kikarudi kama hapakutokea neno. Pengine ilikatika mara moja kwa saa nzima, pengine mara tano katika dakika kumi. Hitilafu ya namna hii ni kama homa ya mtoto: usiku kucha anaungua, asubuhi ukimfikisha hospitali anacheza na vitasa vya mlango, na wewe unaonekana mzushi.

Nikafanya lile ambalo watu wenye haraka hufanya. Kwa siku moja nilibadilisha waya wa USB, nikahamia tundu jingine la kompyuta, tena nikaizuia kompyuta isizime matundu yake kwa ajili ya kubana matumizi ya umeme. Siku mbili kisanduku kilitulia. Nikafurahi. Siku ya tatu kikakata tena, nami nikawa sijui hata kimoja: sikujua kama waya wa zamani ulikuwa mzima, wala kama lile tundu lilikuwa na kosa, wala kama nilikuwa nimeponya ugonjwa mmoja kati ya miwili. Nilikuwa nimefuta nyayo zote kwa miguu yangu.

Hapo nikaenda Ngamiani kwa fundi mmoja wa redio, kijana mpole mwenye meza iliyojaa simu zilizopasuka. Aliniamkia shikamoo, akasikiliza kisa chote bila kugusa kitu, kisha akasema, “Mzee, tubadili kitu kimoja kimoja. Na hicho kimoja tukipe muda.”

Alianza na kile nilichokuwa sikukitilia maanani hata kidogo, adapta. Ilikuwa imeandikwa volti 12. Ikiwa peke yake mita ilisoma 12.3. Alipoichomeka kwenye kisanduku ikasoma 11. Mimi nilitaka kuondoka, lakini yeye aliagiza chai. Baada ya nusu saa adapta ilikuwa ya moto, na mita ikasoma 9 na ushei, halafu taa ya kijani ikazima, “tap”. Nilikaribia kumkumbatia. Kumbe dukani kilikuwa kimejaribiwa dakika tano tu, na kwa dakika tano hata mgonjwa mahututi anaweza kusimama.

Alipoifungua adapta alinionyesha kapasita moja iliyovimba kichwani kama maandazi. Kapasita za aina ile zina majimaji ndani, na joto huyakausha. Kwa kawaida kila nyuzi kumi za joto zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Nami, kwa kupenda meza nadhifu, nilikuwa nimeificha adapta nyuma ya pazia la dirisha, kwenye jua la mchana la Tanga. Akaweka kapasita mpya. Akasafisha na tundu la hedifoni kwa spiriti, maana upepo wa bahari ulikuwa umeanza kulila na sikio la kushoto lilikuwa likififia. Nikarudi nyumbani.

Kwa wiki nzima kisanduku hakikuzima hata mara moja. Lakini mama aliendelea kusema, “...kulaumu, mwanangu.”

Nilirudi kwa fundi nimekata tamaa, nikiwa na kompyuta, kisanduku na hedifoni ndani ya kikapu. Alisikiliza mahali pale mara tatu. Akaniuliza, “Inakata hapa hapa siku zote?” Nikamwambia siku zote. Akatikisa kichwa. “Basi hii siyo ile. Ubovu wa umeme hauchagui mahali, mzee. Huu unachagua. Kabla ya neno pana nini?”

“Kimya,” nikasema.

“Kimya cha namna gani?”

Sikuelewa swali. Akanigeuzia kompyuta, ambapo sauti ya mama ilikuwa imechorwa kama milima na mabonde, na katikati ya mabonde pakawa na mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Akauwekea kidole. “Hakuna kimya kama hiki duniani. Hata chumba kikiwa kitupu kina sauti yake. Nani kakisafisha?”

Nilikuwa nimekisafisha mimi. Nilipoihamisha kanda kwenye kompyuta mwaka 2020 nilichukizwa na ule mchakacho wa kaseti, kama mchele unaopepetwa usioisha. Nikatumia programu ya kuondoa kelele, nikaona fahari, na kwa kubana nafasi nikafuta nakala ya kwanza. Fundi alinieleza taratibu. Programu ile hufundishwa kwamba mchakacho ni adui, na “s” nayo ni mchakacho, ndugu yake wa tumbo moja. Ikipita “s” dhaifu ya mama mzee aliyekaa mbali na maikrofoni, huibeba pamoja na takataka. Kisha kimya chenyewe kiligeuzwa kuwa sifuri tupu. Kigeuzi cha aina ya changu kikihesabu sifuri elfu kadhaa mfululizo hudhani muziki umekwisha, hufunga mlango wa sauti ili msikilizaji asibughudhiwe, na sauti ikirudi huchelewa kidogo kuufungua. Katika muziki mtu hatambui. Katika neno linaloanza baada ya kimya kirefu, kilichopotea ni silabi.

Kwa hiyo kisanduku, katika kosa hili, kilikuwa kimefanya kazi yake barabara. Kilikuwa kimetii tarakimu nilizokipa.

Ilibaki kanda yenyewe, yenye umri wa miaka thelathini na mitano. Kile kisponji kidogo kinachoibana kanda kwenye kichwa cha kusomea kilikuwa kimebanduka. Fundi akang'oa kingine kutoka kaseti ya matangazo ya sabuni, akakibandika. Akasafisha kichwa kwa spiriti, akazungusha kanda yote mbele na nyuma polepole ili ising'ang'anie. Kaseti hupita kwa sentimita 4.76 tu kwa sekunde, kila senti ya tepu ina silabi nzima ndani yake, na ikikatika hapo ndiyo basi. Tulirekodi upya, safari hii bila kugusa chochote, mchakacho wake wote ukiwemo.

Nilivaa hedifoni pale pale kibandani, pikipiki zikipita nje. Mchele ulianza kupepetwa. Salamu, mvua, mbuzi. Mama akamtaja baba, akanyamaza, na kwa mara ya kwanza nikakisikia kile kimya. Kilikuwa na watu ndani yake. Mbali, jikoni, mtu alikuwa anakuna nazi, kru, kru, kru, bila shaka dada yangu. Jogoo aliwika. Kiti kililia. Mama akavuta pumzi, nikaisikia pumzi ikiingia, na juu ya pumzi hiyo, nyembamba mno, nusu yake imezama katika mchakacho niliokuwa nimeuchukia, ikaja “Si”.

Sikuondoa hedifoni. Nadhani nilikaa muda, kwa sababu fundi aliacha kazi yake akaniinamia.

“Imekata tena, mzee?”

“Haikukata,” nikamwambia.

Akarudi kwenye simu zake. Nilipouliza bei alipiga hesabu ya kapasita moja, spiriti na chai, akasema kisponji ni zawadi.