Bustani ya Kwanza huko Gorong'a

Msafiri apitaye Gorong'a, katika nchi ya Wakurya mkoani Mara, hukutana na ng'ombe njiani. Basi mwenye kiwanja cha udongo uliochoka ana dawa yake zizini. Lakini samadi mbichi huunguza mizizi. Ilundikwe kivulini, ifunikwe majani, igeuzwe mara kwa mara hata ipoe na kuwa nyeusi. Kwanza zipandwe kunde, maana mizizi yake huurutubisha udongo na majani yake huliwa. Ndipo mgagani, mboga chungu ipendwayo sana huko. Huchumwa baada ya majuma kama matano. Wengine huanza na kabichi, mboga lafi ya mbolea, kisha huilaumu ardhi! Tuta moja karibu na jiko latosha, ili kiangazi limwagiwe maji yaliyooshea mboga, watoto wasile ugali mkavu.