Kundi la Nyuki Bila Malkia Hufa

Mimi ni mfugaji wa nyuki katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa. Nina mizinga saba. Mitano ni ya mbao, na miwili ni ya magome niliyorithi kwa baba. Leo nataka kusema juu ya malkia wa nyuki. Wengi wetu tunajua kurina asali. Lakini ni wachache wanaojua kulisaidia kundi lililopoteza malkia.

Katika kila kundi malkia huwa mmoja. Yeye ndiye mama wa wote, na kazi yake ni kutaga mayai. Nyuki watenda kazi huishi wiki sita hivi wakati wa kazi nyingi, kisha hufa. Malkia asipokuwapo, hakuna wa kujaza nafasi zao. Kundi hupungua siku hadi siku. Mwishowe siafu na nondo wanaokula nta huuteka mzinga.

Mwezi wa Septemba, mwaka juzi, jirani yetu mmoja aliniita. Yeye ni mama mjane mwenye mizinga miwili tu. Asali yake ndiyo inayonunua sare na madaftari ya wajukuu wake. Aliniambia, "Mwanangu, nyuki wa mzinga mmoja hawana raha. Wanavuma tu, na unga wa maua hawaleti."

Jua lilipopungua tulivaa kofia za wavu, tukapuliza moshi, tukafungua mzinga. Asali ilikuwamo kidogo. Nyuki walikuwamo. Lakini hatukuona yai wala jana hata moja. Malkia alikuwa amepotea.

Nilimwambia, "Mama, umeniita mapema. Hawa watapona." Kundi likikaa wiki kadhaa bila malkia, baadhi ya watenda kazi huanza kutaga wenyewe. Utaona mayai mawili, matatu au zaidi katika tundu moja. Mayai hayo huzaa madume tu, na madume hawatafuti chakula. Kundi lililofika hapo ni gumu sana kuliponya.

Mama aliuliza kama malkia hununuliwa. Ni kweli, katika nchi kama Marekani wafugaji hununua malkia. Hutumiwa kwa posta katika kikasha kidogo, pamoja na nyuki wachache wa kumhudumia na sukari ya kula njiani. Sisi tulitumia njia nyingine isiyotaka fedha.

Nilikwenda kwenye mzinga wangu wenye nguvu. Nilitoa sega moja lenye mayai na majana machanga. Nilitazama vizuri kuhakikisha malkia wangu hayumo katika sega hilo. Niliwapangusa nyuki polepole kwa unyoya. Kisha nililifunika sega kwa kitambaa safi chenye unyevu, maana majana hufa kwa baridi na kwa jua kali. Tuliliweka katikati ya mzinga wa mama. Viunzi vya mizinga yetu ya mbao ni vya kipimo kimoja, kwa hiyo kiunzi changu kilikaa sawasawa katika mzinga wake. Mizinga ya magome haiwezi kusaidiana hivyo.

Nyuki walifanya yaliyobaki. Yai linalozaa mtenda kazi laweza pia kuzaa malkia. Tofauti ni malezi. Nyuki huchagua majana ambayo hayajapita siku tatu tangu kuanguliwa. Huyalisha kwa wingi chakula cheupe kama maziwa. Huyajengea vyumba vikubwa vinavyoning'inia, mfano wa ganda la karanga. Tangu yai kutagwa hadi malkia kutoka ni siku 16 hivi. Siku chache baadaye malkia huruka nje kukutana na madume wengi, kisha hurudi kutaga. Ndiyo sababu kazi hii hufaa wakati wa jua na maua, si wakati wa baridi yetu ya Juni na Julai.

Tulimwacha malkia kwa utulivu. Baada ya mwezi mmoja tulifungua. Mayai yalikuwamo, moja katika kila tundu. Mama alipiga vigelegele. Mwaka uliofuata mzinga ule ulimpa nusu ndoo ya asali.

Ikiwa umepata malkia aliyekwisha kukomaa, usimtupe tu ndani ya mzinga. Nyuki huwajua wenzao kwa harufu. Mgeni humzingira kama mpira, wakamwua. Kwanza hakikisha kundi halina malkia mwingine, wala vyumba vya malkia. Mtie mgeni katika kiberiti kitupu chenye vitundu vya sindano. Toboa tundu moja la kumtosha kupita, ulizibe kwa sukari laini iliyokandwa na asali yako mwenyewe. Kining'inize kati ya masega. Nyuki watamzoea huku wakila ile sukari, na baada ya siku chache atatoka. Usifungue mzinga kwa wiki nzima.

Shemeji yangu wa Chunya, Mkoa wa Mbeya, aliposikia habari hizi alitaka nimpelekee malkia kwa basi. Nilimjibu, "Shemeji, tafuta sega kwa jirani yako. Nyuki wa kwangu wamezoea baridi, na kwako ni joto." Tena magonjwa na wadudu husafiri pamoja na nyuki. Alipata sega kijijini kwake, na kundi lake likapona.

Malkia mmoja si jambo dogo. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa Afrika kwenda kwao. Wengi walitoka Afrika Kusini, na mmoja alitoka Tabora. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka. Wazao wao walichanganyika na nyuki wa huko, wakaenea nchi baada ya nchi, na mwaka 1990 walifika Marekani. Ukimhamisha malkia umehamisha tabia ya kizazi kizima.

Kwa hiyo, ndugu wafugaji, tengenezeni mizinga ya kipimo kimoja. Kagueni mayai wakati wa maua. Na jirani akikosa malkia, mpeni sega. Kundi lenye nguvu halitaumia kwa kutoa moja, na kesho huenda mkosaji akawa wewe.